Kamyo Nzito Inashuka ya Kwanza

Lubumbashi, 9 Februari 1986

Yaya Agathe, dada yangu mupenzi,

Karatasi hii ikukute muzima, wewe na Mama, na shemeji Fidèle na watoto wote. Sisi huku tuko. Muke wangu Lucie alilazwa na malaria wiki ya Noeli, lakini sasa anapika na kunigombeza, basi najua amepona. Mutoto ameota meno ya juu, anauma kila kitu mpaka kidole changu. Mvua ya mwaka huu imeangusha choo cha jirani, tunapanga zamu kwenye choo chetu kama watu wa kambi. Muambie Mama dawa yake ya miguu nimeipata, nitaituma na muntu wa kuaminika.

Sasa fika kwenye karatasi ya pili. Hii usiisome mbele ya Mama.

Niliacha treni, Yaya. Tangu Oktoba siko tena kwenye ateliye, karakana ile ya reli. Ninaendesha kamyo ya Papa Bonaventure, yule mufanyabiashara wa unga na simenti. Najua umekwisha kushika kichwa. Shusha mikono kwanza nikueleze.

Wewe umezoea makamyo ya Kalemie, yale yanayokohoa njia nzima na kufungwa kwa kamba. Hii siyo ya ukoo huo. Ina magurudumu kumi na motori ya nguvu ya farasi mia tatu na zaidi. Kiti kina upepo ndani, ukipita kwenye shimo kinashuka polepole na kukurudisha. Nyuma ya kiti kuna kitanda cha shofere, na godoro lake. Ukiiwasha haipigi kelele. Inaongea chini chini, na sauti unaisikia tumboni kabla ya masikio. Kule juu ya Pweto kuna mulima ambao na kamyo ya zamani tulikuwa tunaupanda na gia ya kwanza, musaidizi akitembea kwa miguu kando yetu akitupita. Hii inaupanda na muzigo maradufu, na mimi naimba. Unakanyaga kidogo tu, nayo inakuuliza unataka nini kingine.

Musaidizi wangu njo Kizito wa Nyunzu, muntu wa makamo, mupole, ameijua barabara kabla yangu. Tukisimama mahali, mashofere wengine wanashuka kuja kuangalia. Wanazunguka, wanagusa matairi, wananyamaza. Yaya, nilikaa kwenye reli miaka yote ile na hakuna muntu aliyenyamaza kwa ajili yangu hata siku moja.

Usimuambie Mama. Nitamuambia mwenyewe siku nikija.

Mudogo wako,
Gaspard

*

Kalemie, 30 Machi 1986

Gaspard mudogo wangu,

Tunakusalimia sana. Fidèle bado yuko bandarini, lakini mashine ya kuinua muzigo imekufa, wanabeba kwa mabega, anarudi nyumbani hawezi hata kunyanyua kijiko. Watoto walifukuzwa shuleni kwa sababu minerval haikulipwa, nikauza ndagala, wamerudi. Ziwa lilikuwa baya mwezi huu, samaki ni haba. Miguu ya Mama imevimba, lakini anakula, na mudomo wake ni muzima kabisa. Mubusu mutoto, umuambie asikuume bure, akuume kwa ajili yangu.

Barua yako niliisoma mbele ya Mama, kwa sauti, vile anavyopenda, na yeye ameketi kwenye mukeka macho yamefungwa. Nilipofika kwenye karatasi ya pili nikaona onyo lako na neno la kamyo, nikakunja karatasi. Nilisema maji yameingia kwenye bahasha, wino umefutika. Mama akasema basi soma kinachoonekana. Nikatunga pale pale kwamba treni yako imepakwa rangi mupya. Umenifanya muongo mbele ya mama yangu mwenyewe, katika umri huu.

Unanieleza habari ya kiti chenye upepo. Mimi nakumbuka kiti cha Papa wetu mwenyewe. Wewe ulikuwa mudogo, ulikuwa unacheza nje. Mimi njo nilikwenda na Mama kumutambua Papa pale chini ya mulima, na kamyo yake magurudumu juu, na simenti imemwagika ikanyeshewa na mvua ikawa mawe. Walimutoa kwa nyundo, Gaspard. Sijawahi kukuambia. Sasa nakuambia kwa sababu umenilazimisha. Na Mama alikuapisha siku ile ya matanga kwamba hutashika usukani, na wewe ulikubali, unalia na kamasi.

Ninaogopa. Sina neno lingine la kuandika hapo. Naogopa nikiwa sokoni, naogopa nikipiga magoti kanisani. Rudi kwenye reli. Omba musamaha, fagia ateliye, kama wamekataa njoo ubebe mizigo na Fidèle. Nguvu ya farasi mia tatu ya nini kwa muntu mumoja?

Yaya wako,
Agathe

*

Lubumbashi, 2 Juni 1986

Yaya Agathe,

Nakusalimia na heshima yote, na Mama, na shemeji na mabega yake. Lucie ana mimba tena, usimuambie muntu mpaka ionekane. Mutoto anatembea akishika ukuta. Unga umepanda, na huku watu wanafunga mikanda. Ndani ya furushi utakuta ile dawa ya Mama na kitenge chako, chagua rangi usinune.

Maneno ya Papa niliyasoma mara nyingi. Sikuwa najua habari ya nyundo. Lakini, Yaya, kamyo ya Papa ilikuwa takataka ya wakoloni, breki za kamba na maombi. Usifananishe.

Nikuambie kitu kimoja ili unielewe. Ukiwa kule juu Pepa, kwenye ng'ombe na baridi, asubuhi, unawasha na mulima mzima unasikia. Unaona barabara inashuka mbele yako kwenda Moba, na ziwa lote liko chini, na wewe uko juu ya kila kitu na kila kitu kinakutii mukononi. Kwenye treni nilikuwa nafunga vis, skrubu za mabehewa tu. Kwa hii mimi ni muntu. Nikikaa nyumbani siku tatu mikono inawasha, Lucie anasema nashika usukani nikiwa usingizini.

Nisikufiche, mwezi wa tano nilifika Kalemie. Nilishusha simenti pale karibu na kituo cha gari la moshi, nikapakia samaki, nikaondoka. Nilipita ng'ambo ya muto Lukuga nikaona paa la nyumba yenu. Sikuingia. Ningesema nini kwa Mama na mikono imejaa mafuta ya kamyo? Unisamehe.

Safari ile tulichelewa kidogo kwenye muteremuko wa Moba, mambo ya matairi. Si kitu. Kizito atapita kwenu mwezi ujao akienda kumuona muke wake Pascasie, anayekaa Nyunzu kwa wazazi wake. Umupe mahali pa kulala akisubiri treni, ni muntu wa adabu.

Gaspard

*

Kalemie, 20 Julai 1986

Gaspard,

Salamu kutoka kwetu wote. Dawa imefika na miguu ya Mama imeshuka, sasa anakwenda mwenyewe mpaka kwa jirani kusema watu. Kitenge ni kizuri, sikununa. Kwa Lucie nafurahi, ajipumzishe, asibebe ndoo. Mutoto wetu wa pili alipata homa ya surua, imepita.

Ulipita mbele ya paa letu. Sitaandika juu ya hiyo leo, kwa sababu nikianza nitararua karatasi.

Umeniambia mambo ya matairi. Julienne, yule anayeuza samaki wa mikebuka kando yangu, ananunua kwa watu wa Moba. Alinishika mukono sokoni, mbele za watu, akaniambia pole. Nikauliza pole ya nini. Akasema kumbe hujui: kamyo ya mudogo wako ilikimbia kwenye muteremuko, musaidizi akaruka, akamuacha Gaspard peke yake ndani, na Mungu tu njo alisimamisha ile kitu. Nilikaa chini kwenye maji ya samaki. Watu wa Moba wanacheka Kizito. Wanamuita Muruka.

Wewe uliandika matairi. Kwa nini unaniandikia matairi?

Kizito alifika kweli, na kifuko chake na adabu zake. Mama alimuuliza kama ni wa reli, Kizito akaniangalia, akasema ndiyo Mama. Nilimupikia mikebuka na bugali, nikangoja ale. Mama alipokwenda kwa jirani nilikaa mbele yake. Niliongea naye. Alianza kunieleza kitu, habari za kipande cha muti na gurudumu, nikamukatisha, sikuwa na masikio ya hayo. Nilimuomba neno moja tu. Akanawa mikono, halafu akakubali. Neno lenyewe ni langu na lake, wewe halikuhusu. Ila sasa moyo umetulia kidogo, nimepata hata usingizi.

Lakini rudi kwenye reli. Hiyo sijaacha kusema.

Agathe

*

Kalemie, 28 Septemba 1986

Gaspard mudogo wangu,

Huku ni wazima. Huko je? Nimekuandikia Julai na hakuna kitu. Nilipeleka ndagala na barua kwa padri anayekwenda Lubumbashi, zimufikie Lucie, hakuna kitu. Fidèle anasema ni posta. Fidèle kila siku ana posta.

Mvua imeanza kwenye milima, tunaona umeme upande wa Moba. Muntu mumoja wa hapa bandarini aliwaona ninyi kule Pweto. Anasema Papa Bonaventure ameongeza muzigo, kwa sababu kamyo yenu inavuta bila kulalamika, na kwamba mukisimama wewe unacheka na wote wanakuita Bwana Mukubwa. Kamyo ikipiga honi barabarani, mimi natoka nje na mikono yenye unga. Nikiona si wewe nashukuru, na papo hapo naogopa kwamba si wewe. Mama ameanza kuniuliza kwa nini nimekonda.

Kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia. Hata muistari mumoja.

Yaya wako

*

Moba, 3 Novemba 1986

Yaya Agathe,

Niko hai. Naanza na hiyo. Muambie Mama niko muzima, umuambie na mambo ya kamyo kama umepata nguvu, sina tena cha kuficha. Mukono wa kushoto na mbavu zimevunjika. Masista wananiangalia hapa Moba. Lucie anajua, na mimba yake iko salama.

Kizito amekufa. Tulimuzika hapa siku ya pili, kwa sababu ya joto.

Nitakueleza polepole, na nikimaliza nitakuuliza swali.

Tulifika juu Pepa tukakuta makamyo mengine yanangoja mvua ikatike. Mvua ilipopungua wakatupisha tupite mbele. Kwenye muteremuko ule kamyo nzito inashuka ya kwanza. Kila shofere anajua sababu yake: breki zikiisha, isiwaangukie walio chini. Lakini mimi, tangu nilipopewa kamyo hii, nilikuwa nachukua jambo hilo kama heshima. Wanakusimamia barabarani, wanakupungia kofia, unapita.

Na nilishuka na gia kubwa. Muntu anatakiwa kuingia pale na gia ndogo kabisa, motori imushike kutoka nyuma. Nilijua. Mutoto wa shule ya mashofere anajua. Lakini kamyo iliyopanda bila kuhisi kitu, unaona hata kushuka si kitu. Nilikuwa napenda ile namna inavyojiachilia mwanzoni. Mwezi wa tano nilifanya vile vile, njo maana nilikuandikia matairi. Mara hii breki zilianza kutoa harufu, halafu moshi, halafu pedali ikashuka mpaka chini, nyororo, kama kukanyaga bugali.

Pale, Yaya, kazi inakuwa ya musaidizi. Hii sikukueleza, kwa kuwa ningekueleza ungejua na habari ya mwezi wa tano, na ulipoijua kwa Julienne niliona haya kukujibu. Kwenye muteremuko musaidizi anasimama nje, kwenye kikanyagio, na kipande kikubwa cha muti mukononi. Shofere akisikia breki zinaisha, anapiga kelele: ruka. Musaidizi anaruka, anakimbia, anatupa muti chini ya gurudumu. Akikosa anatupa mwingine. Inatakiwa kufanywa mapema, wakati kamyo bado inatembea polepole. Mwezi wa tano Kizito aliruka hivyo akaniokoa. Miti miwili, na wa pili ukashika. Watu waliokuwa wanalima pale chini waliona muntu anaruka tu, wakatangaza walichoona.

Safari hii nilipiga kelele: ruka. Niliangalia, mulango ulikuwa umefungwa, na yeye amekaa ndani, muti uko katikati ya miguu yake. Kule juu nilimuona akifunga mulango, nikafikiri ni mvua. Nikapiga kelele tena. Akasema, "Siruki, Shofere. Nilimuahidi Mama Agathe."

Ilikuwa bado polepole, Yaya. Hata wewe ungeweza kukimbia kando yake. Nilimupigia kelele mara ya tatu, nikamutukana na mama yake, na alikuwa anatetemeka mwili wote, ameshika muti kwa mikono miwili, anatazama mbele. Halafu haikuwa polepole tena. Kwenye kona nililalisha kamyo kwenye ukingo. Ililalia upande wa Kizito.

Ulimuambia nini?

Kuna jambo lingine, na hili nakuambia wewe peke yako. Papa Bonaventure alituma mafundi, wameiinua, iko kwenye uwanja nyuma ya nyumba hii ya wagonjwa. Juzi waliiwasha. Niliisikia tumboni, vile vile. Na moyo wangu ulifurahi, Yaya. Udongo wa Kizito haujakauka, na mimi nilitaka kuamka niangalie ni nani aliyekaa kwenye kiti changu. Papa Bonaventure amesema kiti bado ni changu nikipona. Sijajibu ndiyo, na sijajibu hapana. Naogopa, lakini kamyo siyo ninayoiogopa.

Gaspard

*

Kalemie, 23 Novemba 1986

Gaspard,

Mama ni muzima. Fidèle ni muzima, watoto ni wazima. Mama amejua yote, nilimuambia. Alilia, akauliza kama mukono utapona, akasema alijua tangu siku ile ya wino, kwa kuwa sijui kusema uongo na sauti inanipanda. Anakuombea kila siku. Hataki nikuandikie neno baya, na mimi sina.

Unauliza nilimuambia nini. Nakuandikia vile vile vilivyotoka mudomoni mwangu.

Nilimuambia: Kizito, umekula kwangu, na Gaspard njo mutoto wa mwisho wa Mama huyu uliyemuona. Niahidi kwamba hutaruka tena, hutamuacha peke yake ndani ya kamyo ile, iwe nini. Akasema, "Mama, kazi yangu njo kuruka." Nikamuambia kila mwanaume mwoga ana maelezo yake. Nilisema hivyo. Alikuwa na kipande cha samaki mukononi, akakirudisha kwenye sahani, akanawa. Alikaa. Nilimuona anataka kuanza tena, nikamuangalia kwa namna ambayo muntu wa adabu hawezi kuanza tena. Akasema, "Basi Mama, siruki."

Na usiku ule nililala vizuri. Nilikuandikia hata kwamba nililala vizuri.

Wewe ungenieleza, ningejua. Mimi ningemuacha amalize sentensi moja, ningejua. Usijaribu kunipunguzia.

Kuna kitu kibaya zaidi, na kama umeniambia habari ya moyo wako na motori, na mimi nikuambie wangu. Barua yako niliisoma nimesimama mulangoni. Nilifika mahali uko hai, nikamushukuru Mungu kwa sauti. Nikaendelea, nikafika mahali Kizito amekufa, na nilikuwa bado nashukuru. Niliendelea kushukuru mistari yote ile, mpaka nilipoona jina langu.

Kuhusu kamyo, sikukatazi tena. Muntu aliyekataza mara moja na ikatoka hivi, anyamaze. Ila ukirudi kwenye kiti kile, yule atakayekaa kando yako umuambie mbele ya watu kazi yake ni nini, na umuambie asile kwa dada zako.

Watu wa Nyunzu wamekwisha kupata habari. Julienne ameniletea: huko wanamusifu. Wanasema mara ya kwanza alikimbia kama mwoga, lakini mara ya pili alibaki na shofere wake mpaka mwisho, kama mwanaume. Baba mukwe wake anayarudia maneno hayo kwenye matanga, na Pascasie anasikia, inamutuliza kidogo. Watoto wake wataambiwa hivyo mpaka wakue.

Ninakwenda kumuambia Pascasie si kweli. Kwamba mara ya kwanza alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri, njo maana nina ndugu. Na mara ya pili alikaa kwenye kiti anatetemeka kwa sababu mwanamuke mumoja wa Kalemie alimuita mwoga juu ya sahani ya samaki. Nitamuondolea kile kidogo kinachomutuliza, na sijui nitamupa nini mahali pake. Fidèle anasema nikae, wafu hawaulizi kitu. Mama amesema niende.

Nimekwisha kufunga kifuko changu. Sijui watanifanya nini, na sitajitetea. Treni ya Nyunzu, ikikubali, iko Jumanne. Usije, na usimuandikie kabla yangu.

Agathe